Mvua ya Risasi

Kwa miaka minane Mukandoli alikuwa amelikwepa neno moja, na siku ile, katika maabara ya shule moja ya Nyamityobora mjini Mbarara, neno hilohilo ndilo alilolihitaji.

Kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka, alikuwa mwalimu wa kemia, akifundisha kwa Kifaransa. Kisha vita vikaja, wakakimbia, na risasi moja ikamwangusha mumewe Sebagabo katikati ya shamba la mihogo. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliuza nyanya, na nani angemwamini muuza nyanya anayedai kwamba aliwahi kufundisha asidi na chumvi zake? Mwaka huo wa 2012 akasikia shule inatafuta mtunza maabara. Akaenda. Mwalimu mkuu, Rwakabuba, hakumzungusha.

"Vyeti hauna, Kingereza yako kidogo. Sawa. Fanya kitu moja na mikono yako, mimi nione. Ikikubali, kazi ni yako. Ikikataa, rudi Nakivale na amani."

Rwakabuba alizaliwa kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mtunza stoo ya maabara naye alikuwa askari mstaafu wa Makenke, mzee anayengoja kustaafu mara ya pili. Shule nzima ilimwita Afande. Mukandoli ndiye angechukua nafasi yake, kama mikono ingekubali.

Alijua la kuonyesha. Tatizo ni kwamba stoo ilikuwa na kidirisha, na kitu hupewi mpaka ukitaje.

"Naomba plomb, baba," alisema.

Afande akakunja uso. "Bomu?"

"Plomb. Nitrate de plomb."

"Nyabo," akamwita kwa heshima ya kikwao, "hapa hatuna bomu."

Jina la Kiingereza hakulijua. La Kiswahili alilijua vizuri mno, nalo ndilo alilolikwepa miaka yote minane. Akapiga moyo konde.

"Niko naomba risasi, baba. Kidogo tu."

"Eh! Kwanza bomu, sasa risasi! Nyabo, hii ni shule, si Makenke!"

Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mukandoli hakucheka. Alichukua chaki, akaandika herufi mbili kwenye kizingiti cha kidirisha: Pb, alama ya risasi, madini yanayotumika kutengeneza risasi za bunduki.

Afande akazitazama, akaingia ndani, akarudi na chupa yenye herufi zilezile. Jamani, kemia! Watu wazima wanashindwa kuelewana kutwa nzima, na herufi mbili zinavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho. Chupa ya pili, yenye chumvi ya iodini, aliipata kwa njia hiyohiyo.

Akayeyusha kila chumvi katika glasi yake. Zote mbili zilikuwa maji meupe tu, ungeweza kumpa mgeni anywe. Akamimina moja katika nyingine, na papo hapo yakageuka manjano ya kiini cha yai. Rwakabuba akatikisa kichwa.

"Rangi tu. Hiyo hata wanafunzi wanafanya."

Mukandoli akachota kidogo ya ile manjano, akaongeza maji mengi na tone la siki, akawasha taa ya spiriti. Manjano yakapauka, yakapungua, yakatoweka kabisa. Glasi ikabaki na maji.

"Sasa umeharibu," alisema Rwakabuba.

"Haiishi, directeur. Iko inajificha mu maji ya moto. Tungojee."

Alisema hivyo, lakini hakuwa na hakika. Miaka minane hakuwa amelifanya jaribio hili, na chumvi yenyewe ilikuwa kuukuu. Aliitia glasi katika beseni la maji baridi, akaomba Mungu kimoyomoyo.

Ikatokea cheche moja, halafu ya pili. Kisha glasi nzima ikajaa vipande vya dhahabu, vyembamba kuliko magamba ya dagaa, vikigeukageuka kwenye mwanga wa dirisha na kushuka taratibu bila mwisho. Wale walimu wawili wakaacha madaftari, wakasogea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: Rwakabuba, na tai yake na kitambi chake, aliinama mpaka kidevu kikagusa meza.

"Hii inaitwa nini?" Afande aliuliza kwa sauti ndogo.

Uvira wanafunzi wake waliiita mvua ya dhahabu. Angeweza kusema hivyo. Lakini mwalimu hadanganyi maabarani.

"Mvua ya risasi," alisema. "Hakuna dhahabu mule, baba. Ni risasi, ileile yenye iliua bwana yangu."

Afande akavua kofia.

"Mimi nimeona mvua ya risasi mara mingi," alisema. "Hakuna siku ilianguka pole pole hivi."

Akazichomoa funguo za stoo mkandani mwake, bila kumtazama mwalimu mkuu, akaziweka karibu na mkono wa Mukandoli. Rwakabuba hakupinga, alikuwa bado ameinama.

Mukandoli akazichukua. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu lile shamba la mihogo, akaketi na kuitazama risasi mpaka yote ikatua chini.