Noreen kwenye Shimo la Tisa

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 4 Machi 2009, saa nne na robo asubuhi, pale Pickersgill, mkaguzi wa nyumba za halmashauri, alipopitisha kidole kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha Wilf Ackerley, akakitazama kilivyolowa, akasema unyevu ule unaletwa na wapangaji kupumua mno.

"Fungueni madirisha," alisema, akaondoka kwenda kwenye ofisi yake kavu.

Noreen, mke wa Wilf, alikuwa kitandani anakohoa. Siku kumi na tisa baadaye akazikwa.

Baada ya mazishi Wilf hakuweza kutulia. Alikwenda jikoni akarudi, akachemsha chai akaiacha ikapoa. Mwisho akatoa kabatini kompyuta yao ya mwaka 1986, ile ya kuunganisha na televisheni, na kaseti ya mchezo wa gofu. Zamani waliucheza kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Klabu ya gofu ya kweli, kule kilimani, haikupokea watu wa kiwanda cha nguo kama wao. Ndani ya televisheni hakuna aliyeulizwa anafanya kazi wapi.

Alivua viatu. Kaseti ilisomwa kwa dakika saba, na ilikuwa desturi ya nyumba zote za mtaa ule kutembea kwa soksi wakati huo, kwa sababu kishindo kimoja tu sakafuni na mchezo unagoma. Miti ikajichora mmoja mmoja, taratibu. Kwenye shimo la tisa alikuwa amesimama Noreen, na sweta yake ya rangi ya haradali, urefu wake kama kidole gumba.

"Umechelewa," alisema. "Nipe fimbo namba saba."

"Saba haifiki, mpenzi. Kuna bwawa mbele."

"Nimekuuliza?"

Mpira ukatumbukia bwawani. Matone yakarukia zulia, Wilf akayapangusa kwa soksi.

Alipofungua mashine ya kaseti alikuta utepe umetafunwa, umekatika vipande vitatu. Kompyuta zile hazikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Ukizima, kila kilichomo kimekwenda. Basi hakuzima. Alifunga plagi kwa plasta, akahamishia kiti chake kando ya soketi, na kila baada ya dakika chache akawa anainama kuigusa.

Edna Sugden, jirani, akawa anakuja alasiri na biskuti.

"Noreen, unapiga kama unakung'uta zulia!"

"Wewe Edna, nirudishie kwanza bakuli langu."

"Na kifua?"

"Huku pakavu. Sijakohoa hata mara moja."

Aliyekohoa sasa ni Wilf.

Mwezi Mei Pickersgill akarudi na mafundi wawili. Walikuja kubomoa lipu na kukausha kuta, na umeme ungezimwa siku mbili.

"Hamzimi kitu," Wilf alisema. "Mke wangu yumo."

Pickersgill aliinama mbele ya televisheni. "Habari za asubuhi, Bi Ackerley." Kisha akapekua karatasi zake. "Marehemu hayumo kwenye orodha ya wapangaji, mzee. Ukikataa leo, nyumba inarudi mwisho wa foleni ya matengenezo. Miaka minne hivi."

"Irudi."

"Wilf, waache wafanye kazi," Noreen alisema. "Utakufa kwa ukaidi wako."

"Wewe piga mpira."

Pickersgill akampa karatasi ya kazi atie sahihi kwamba amekataa. Wilf hakusoma sana shuleni, lakini tarehe alizijua. Kazi ile ilikuwa imeidhinishwa tarehe 12 Juni 2007.

"Hii ina karibu miaka miwili," alisema. "Ilikaa wapi?"

Mafundi wakaangalia buti zao. Pickersgill akabofyabofya kalamu, akasema huenda idara ilikuwa inahama jengo.

Wilf akatia sahihi. Noreen alishusha fimbo, akatembea juu ya nyasi hadi ukingoni mwa kioo cha televisheni.

"Muulize tena," alisema.

Wilf akasimama mlangoni, akawazibia njia.

"Ilikuwa kwenye droo ya nani?"