Hadithi ya Theluji Iliyosomwa Julai

Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile Ardith alikuwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote. Ukumbi wa kijiji ulijaa. Kwa mara ya kwanza Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa maziwa makuu ya Amerika Kaskazini, walikuwa wanawasherehekea waandishi wao wanaopenda watu wa jinsia yao. Waliokuwa wakisengenywa jana, leo wanapigiwa ngoma! Ardith alimkalisha Shangazi Philomene mstari wa mbele, akampa sahani ya samaki, kisha akampigia makofi Corlene, mpenzi wake wa miaka minne, aliyepanda jukwaani na kitabu chake kipya.

Corlene akasoma: "Palikuwa na mwindaji mwanamke aliyemwoa binti wa mtoni..."

Jamani, hadithi ile! Shangazi alimpa Ardith peke yake, kipande kila mwaka, maana hadithi za namna ile hazisimuliwi mpaka theluji ilale chini. Ndiyo hadithi pekee ya wazee iliyokuwa na mtu kama yeye ndani. Mwisho wake Shangazi aliuahidi theluji ijayo. Naye Ardith, kwa ujinga wa mapenzi, baridi iliyopita akamsimulia Corlene kitandani. Sasa ilikuwa Julai, mbu wanauma, na Corlene anasoma mwisho aliojitungia: wanawake wale wanaachana.

Watu wakashangilia. Corlene akashuka, uso unang'aa.

"Umependa, mpenzi?"

"Ulijua haitajwi kiangazi! Si nilikwambia?"

"Ah, Ardith, usinitibulie siku yangu. Nimekushukuru mwanzoni, hebu soma."

Shangazi alikuwa ameshasoma. Alikishika kitabu, kidole kwenye ukurasa wa kwanza: Kwa Ardith, aliyenipa hadithi hii.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Shangazi, haki ya Mungu, sikumpa aiandike!"

"Lakini ulimpa."

Ardith akamtafuta mpenzi wake kwa macho. Corlene alishageuka, anawasainia watu vitabu, anacheka nao.

Shangazi akaiweka sahani chini, samaki hajaguswa. "Theluji ikianguka, mwanangu, usije kwangu."

"Na mwisho wake je, Shangazi? Kweli waliachana?"

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Muulize mwenye kitabu."