Shamba Lililohamia Bahati

Jumamosi asubuhi, baada ya kufua, Waithera aliketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yao mtaani Bahati. Akakatakata maganda ya viazi na majani ya kabeji, akayatandaza ndani ya bafu kuukuu la bati. Juu yake akaweka gazeti lililoloweshwa, na juu ya gazeti gunia. Nyungunyungu hawapendi mwanga. Vitunguu na ndimu pia hawapendi, na ukiwapa nyama utawaita panya wa mtaa mzima.

Nyungunyungu wenyewe alipewa na jirani yake Ochola, mfanyakazi wa reli aliyewafuga kwenye mkebe wa chambo. Lori la takataka lilikuwa halijaonekana tangu mvua za Aprili, na jaa lilikuwa limefika madirishani.

"Wape hawa, Mama Jecinta," Ochola alimwambia. "Watakula yote, halafu watakupa mbolea ya sukuma wiki."

Walikula. Kwa kawaida mbolea yao huwa nyeusi na nyepesi, na huwa kidogo kuliko ulichowapa. Hii ilitoka nyekundu, tena tele: Waithera alitia karai moja la maganda akachota makarai matatu ya udongo. Alidhani kosa ni la wino wa gazeti. Akampelekea mumewe kiganja kimoja kitandani.

Muturi alikuwa seremala wa Gikomba mpaka kifua kilipomshinda. Aliunusa udongo, akaufikicha, akaweka kidogo ulimini.

"Hii ni ya kwetu," alisema. "Ile sehemu ya chini karibu na mto. Baba alikuwa anapanda nduma hapo."

"Nilifikiri ni gazeti."

"Si gazeti."

Shamba hilo lilikuwa Murang'a, na halikuwa lake tena. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Muturi na kaka yake Njogu hawakuwahi kugombana. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, mmoja alikuwa kizuizini na mwingine alikuwa na jembe. Mashamba yalipopimwa upya, Njogu aliwaambia wapimaji kwamba hana ndugu, ikaandikwa hivyo. Muturi aliachiliwa akakuta hata matoka yameng'olewa, yale maua ambayo wazee hupanda mpakani na ambayo kuyang'oa ni mwiko. Akarudi Nairobi, akanunua randa na msumeno.

Sasa alikuwa anakufa, na alitaka jambo moja tu, azikwe kwa baba yake. Alikuwa ametuma ujumbe. Njogu alijibu kwamba shamba limejaa kahawa, hakuna pa kuchimba.

Waithera akapiga hesabu yake. Kama Muturi hawezi kwenda shambani na shamba limeanza kuja lenyewe, basi atazikwa makaburi ya mjini Lang'ata kama mtu asiye na kwao, lakini afunikwe kwa udongo wa baba yake. Alichohitaji ni maganda. Majirani walimletea ya kwao kila jioni, naye akaenda kuokota masalio ya mboga soko la Kariokor. Nyungunyungu waliongezeka. Kichuguu cha udongo mwekundu kikafika kiunoni, matoka yakachipua juu yake, na watu waliokwenda bombani wakawa wanapita kando.

Siku moja asubuhi Njogu alifika na lori na wanaume wawili wenye mabeleshi. Alivaa kofia na koti la kanisani. Mizizi ya kahawa yake ilikuwa nje, alieleza, na upande wa mto ardhi ilikuwa imeshuka hadi magotini. Alikuwa ameulizia udongo wake njiani mpaka akafika. Akatoa hatimiliki mfukoni.

"Mama Jecinta, sikuja kwa ubaya," alisema. "Lakini udongo ni wangu. Namba ni yangu."

Mzee wa mtaa aliitwa, akaisoma hati mbele na nyuma. "Karatasi iko sawa," akasema, akarudi kwake kunywa uji.

Muturi alisikia injini. Alivaa koti lake, akatoka akijishikilia ukutani, akamsalimu kaka yake kwa heshima. Kisha akalala chali juu ya kichuguu na kuizamisha mikono yake udongoni. Wapakiaji waliegemea mabeleshi.

"Mzee, tungoje?" mmoja akauliza.

"Ngojeni," Njogu akasema. "Huyo ni ndugu yangu."

Wakangoja kweli. Kabla ya adhuhuri Muturi akakata roho. Njogu alivua kofia, akaomba maombi marefu na mazuri. Wakamwinua marehemu na kumlaza kwenye mkeka. Njogu akapiga magoti, akamkung'uta koti, akamgeuza mifuko, akafungua mikunjo ya suruali yake. Alifanya taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Kilichodondoka alikifagia kwa kiganja, akakitia guniani. Mwisho akaushika mkono wa ndugu yake na kuzitazama kucha.

"Mama Jecinta, nipatie njiti ya kiberiti."

Waithera hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Njogu hapo. Nyuma yake stovu ilikuwa inawaka, chai ya wageni ikianza kuchemka.

"Kiberiti hakuna," alisema.

Njogu aliitazama stovu. Wapakiaji wakatazama chini.

"Basi," akasema.

Wakapakia mpaka bafu likabaki tupu. Lori likaondoka na shamba, matoka yakitikisika juu.

Kwenye chumba cha maiti, mhudumu alimwosha Muturi uso, kifua na miguu. Alipochukua brashi ndogo ya kucha, Waithera alimshika mkono.

"Hapo umwache," alisema.