Jumamosi, Mlango Wazi

“Mali bila daftari hupotea bila habari,” fundi umeme alipenda kusema. Ndiyo maana alifunga vihisi kwenye milango ya mama yake, na kila mlango ulipofunguliwa, habari ziliandikwa kwenye blokcheni, daftari la kidijitali: kila ndugu nakala yake kwenye simu, na hakuna awezaye kufuta.

Mama alipozikwa, cherehani yake haikuonekana. Fundi akafungua kumbukumbu mbele ya ndugu zake, akamfokea kitinda mimba aliyekuwa akiishi na mama.

“Kila Jumamosi mlango wazi kutwa nzima! Ulimfungulia nani?”

“Alifungua mama mwenyewe, kaka. Si ulimwambia utakuja Jumamosi?”

Ndugu wakainamia simu zao, wakaanza kuzihesabu Jumamosi. Zilikuwa mia moja na nne, na hakuna hata moja ambayo fundi angeweza kuifuta.