Mtungo Haufunguliwi

Siku ya arobaini ya mdogo wangu Ismaeli nilikwenda sokoni asubuhi kama kawaida. Samaki walikuwa wamefika jana yake kutoka Kinkondja, na samaki hawangoji msiba uishe. Kiuno kilikuwa kinaniuma, miguu nayo imevimba. Nauza samaki wakavu katika soko la Kamina tangu nikiwa msichana, na siku hizi nikishakaa kwenye kigoda changu, kuinuka ni kazi ya kuombewa dua.

Watu wanadhani sokoni ni kupiga kelele tu. Kuna sheria, na kila kilichokusanywa kina sheria yake. Fungu la mboga ni la kubishania: mnunuzi ataomba aongezwe kidogo juu, na muuzaji asiyeongeza ataitwa mchoyo hadi soko lifungwe. Tita la kuni unaruhusiwa kulinyanyua, ukalipima kwa mkono, ukalirudisha chini na kwenda zako, wala hakuna wa kununa. Mkungu wa ndizi unakatwa, huyu achukue chane mbili, yule moja. Lakini mtungo wa samaki haufunguliwi. Wanawake wa Kinkondja wanatunga samaki mkubwa pamoja na wadogo kwenye kamba moja, na wana akili zao. Wangeuzwa mmojammoja, wakubwa wangeondoka mapema na wadogo wangebaki kuliwa na nzi. Tena mtungo ukishaunyanyua, umenunua. Samaki mkavu akishikwashikwa kichwa kinakatika, na mimi sina gundi.

Asubuhi hiyo akaja Agar, dada wa marehemu mke wa Ismaeli. Alikuwa amekuja na gari-moshi kutoka Lubumbashi kwa ajili ya arobaini, na alitaka samaki wa kurudi nao. Akanyanyua mtungo, akaugeuza huku na huku.

"Yaya," akaniita, kama dada mkubwa, "minyi nataka tu ule mukubwa. Bale badogo utabakia nabo."

"Agar, mutungo banauzishaka yote pamoja. Na ulishanyanyua."

"Ata juu ya famille?"

"Ata juu ya famille."

Akanuna, akalipa, akaondoka na samaki wake wote. Sikumwonea huruma. Kama ningekuwa namfungulia kila ndugu mtungo, ningekuwa nimefunga biashara zamani.

Alasiri tukakutana tena nyumbani kwa Ismaeli. Dua ilikuwa imekwisha, sahani zimeoshwa, wageni wameondoka na pikipiki zao. Tulibaki mkekani watu watatu: mimi, Agar, na kaka yangu mkubwa Sefu, ambaye ana duka kule Kabongo. Kazi iliyobaki ilikuwa watoto. Mama yao alifariki akimzaa wa mwisho, sasa baba naye ametangulia, na nyumba yenyewe ni ya kupanga.

Walikuwa wamekaa wametuelekea, migongo ukutani. Nuru, mkubwa, anayeweza kuwasha mbabula ya makaa na kusonga bukari ya nyumba nzima bila kuambiwa. Shafii, wa katikati, mwepesi wa hesabu na mwenye miguu isiyotulia. Na Dunia, mdogo, mwenye ule ugonjwa wa damu ambao watu hapa wanauita SS. Maumivu yakimshika mifupani anakunjamana, na lazima abebwe hospitali wakati huohuo, mvua iwe inanyesha au jua linawaka.

Njiani nilikuwa nimeapa kwamba sichukui mtoto. Nimelea wangu, nikalea na wajukuu ambao mama zao walikuwa na shughuli. Nilitaka kulala mchana mara moja kabla sijafa. Sioni aibu kulisema.

Agar akaanza. "Minyi nabeba Nuru. Kule Lubumbashi atasoma, na atanisaidia mu nyumba."

"Ni vizuri," Sefu akasema upesi mno. "Basi minyi nakamata Shafii. Ku duka niko na lazima ya mutoto mwenye kujua kuhesabu."

Sefu akaanza kuichunguza kofia yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. Agar akaangalia dari. Dunia alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine, kwa subira ya mtoto aliyezoea kungojea sindano.

"Na huyu?" nikauliza.

"Fadhila," Sefu akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza wateja, "weye njo uko karibu na hospitali."

Nuru hakulia. Alimshika Shafii mkono, Shafii akamshika Dunia mguu, basi. Lakini Dunia alikuwa ameanza kujikunja, na uso wake umebadilika rangi. Nikajua ni yale maumivu. Nikamvuta, nikampakata, nikaanza kumsugua magoti huku nimewakasirikia wakubwa wale wawili.

"Hamuna haya?" nikasema. "Mukubwa munamutaka, wa katikati munamutaka, mudogo abakie juu ya meza? Aba batoto ni mutungo. Mwenye kumutaka mumoja akamate bote, ao aache bote!"

Nilisema vile ili waone aibu. Nilidhani Sefu, mwanamume, mwenye duka na nyumba ya mabati, angesimama na kusema sawa, twendeni Kabongo. Kuna hospitali na kule.

Sefu aliendelea na kofia yake. Agar ndiye aliyenigeukia. Alimtazama mtoto mapajani mwangu, akanitazama mimi. Hakuwa anacheka, na naapa hakuwa analipiza ya asubuhi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Yaya," akasema polepole, "shi njo weye ulishanyanyua."

Nikafikiri kumweka Dunia chini kwenye mkeka, taratibu, asiumie. Alikuwa ameshika kitenge changu kwa mikono yote miwili.

Niliwachukia, acha niseme ukweli. Nilimchukia hata Ismaeli kwa kufa kabla yangu. Niliuona mchana wangu wa kulala ukiondoka, na kiuno kikaniuma zaidi.

"Sefu, ita pikipiki," nikasema. "Utatangulia na huyu hospitali, na weye njo utalipa. Minyi nakuya nyuma na bengine." Akainuka mara moja, kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, akamchukua mtoto kifuani mwangu, akimbandua vidole kimoja kimoja kwenye kitenge changu.

Pikipiki ilipoondoka nikamwambia Nuru, "Enda ulete nguo zenu. Zako, za Shafii na za Dunia."

Nilitegemea nitangoja. Nilitegemea kusikia masanduku yakifunguliwa, vitu vikitafutwa na kuchambuliwa. Lakini alirudi palepale. Alikuwa amezifunga tangu asubuhi, kabla sisi wakubwa hatujakaa mkekani kuongea lolote: nguo za wote watatu ndani ya shuka ya baba yao, furushi moja, fundo limekazwa kwa meno.

Nikainama anitwike.