Mkono wa Mama Mbu

Kazini walimwita Mama Mbu, na jina hilo alilipenda kuliko shahada zake zote. Kila akifika maabara alikunja mkono wa shati, akauingiza mkono wake kwenye kizimba cha wavu, akatulia tuli huku mbu majike wakimnywa damu. Walikuwa mbu wa kuzaliwa humo humo, hawana malaria. Ila dawa zilizozoeleka hazikuwaua, ndiyo maana kila dawa mpya ya vyandarua ilijaribiwa kwao kwanza. Jike asiponywa damu hatagi, na wasipotaga ukoo unakatika. Ukoo ule wote, babu kwa bibi, uliishi kwa damu ya Mama Mbu, naye hakumruhusu mtu mwingine hata kusogelea kizimba.

Basi serikali ikataka kupunguza fedha za utafiti wa tiba, na nyumba ya mbu ikawa ya kwanza kutakiwa kufungwa. Kamati ya bunge ikaita mtu aje kuitetea. Mkurugenzi akamchagua Kinanda.

Kinanda alikuwa mtafiti mwenzake, waliajiriwa pamoja, na jina alilipata kwa ile sauti yake tamu. Mama Mbu roho ilimuuma hadi chai ikamshinda.

"Ninayeng'atwa mimi, anayesikilizwa yeye!"

"Wewe ukichokozwa unafoka," mkurugenzi alimwambia. "Wabunge hawataki kufokewa."

"Mimi nafoka?" akafoka.

Siku ya kamati ilipofika akapiga simu, akajikohoza, akasema homa imemlaza. Majike walikuwa na njaa tangu jana yake, wakimsubiri. Wacha wasubiri, alisema moyoni. Wacha huyo msema vizuri aende kutetea vizimba vya mbu waliodhoofu, ndipo watu wamjue mwenye nyumba.

Akakaa na mama yake mbele ya televisheni, shuka mabegani.

"Yaani serikali inafuga mbu?" mbunge mmoja alimrukia Kinanda. "Wananchi wanawaua, nyie mnawalisha kwa kodi zao!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Na Mama Mbu, Mungu amsamehe, alifurahi. Kazi yake mwenyewe ilikuwa inazama, naye anafurahi kwa sababu nahodha ni mwingine.

Kinanda alivua koti, akakunja mkono wa shati. Mkono ulikuwa umevimba, umejaa madoa mekundu.

"Mheshimiwa, chakula chao si kodi. Wanatula sisi. Leo asubuhi nimewakuta na njaa, wamenila mimi, maana mwenzangu anaumwa. Siku zote wanamla yeye, na hajawahi kudai hata asante. Kodi inalipa umeme na vipimo. Mkitufungia sisi, sawa, lakini mbu wa huko nje hamtawapunguzia bajeti."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti akauliza maswali mawili matatu, kisha akasema fungu lile lisiguswe.

"Mwenzio kakusemea vizuri," mama yake alisema. "Chanda chema huvikwa pete." Akamgeukia. "Na hiyo homa, mwanangu, imeshashuka?"

Mama Mbu alitakiwa ashangilie. Nyumba imepona, naye amesifiwa mbele ya taifa zima. Lakini macho yake yalikuwa yamebaki kwenye ule mkono uliovimba. Hata wema amemzidi! Na zaidi ya hapo, mbu wake walikubali. Alitupa shuka, akatoka na kandambili miguuni.

Maabara ilikuwa kimya. Kwenye kizimba majike walikuwa wamejibandika wavuni, matumbo mekundu, wazito kwa damu ya mtu mwingine. Akakunja mkono wa shati, akauingiza.

Mmoja alitua, akatembea kidogo juu ya kifundo, akaruka akarudi wavuni.

"Njooni basi," akawabembeleza. "Ni mimi."

Hakuna aliyekuja. Walikuwa wameshiba.