Jeni Si Jini

Dobi alikuwa amezoea uchafu. Kola za watu, soksi za watu, mashuka ya wagonjwa, vyote vilipita mikononi mwake na hakuwahi kuziba pua. Lakini alichokiona kwenye simu ya mdogo wake mchana ule kilimtia kinyaa.

"Soma mwenyewe, dada." Mdogo wake aliisukuma simu juu ya meza ya kupigia pasi. "Mimi damu yangu A, mke wangu B, mtoto O. Hiyo O katoka wapi, kama si kwa jirani?"

Ukurasa uliitwa Siri za Damu. Ulidai kuwa mtoto wa namna hiyo ni wa nje, na chini yake palikuwa na chupa ya dawa inayouzwa, ya kumtapisha ukweli mke mwongo.

Mlangoni wifi yake alikuwa ameketi juu ya begi, akinyonyesha. Alikuwa amepewa hadi jioni awe amerudi kwao. Hakuwa akilia tena.

"Haya tumeanza kuyasoma kwenye darasa langu la jioni," Dobi alisema. "Ni mambo ya jeni."

"Jini?" Mdogo wake akaangua kicheko. "Ehee! Hata wewe umekiri kuwa mtoto si wangu!"

Ee Mungu, Dobi aliomba kimoyomoyo, nishike mkono nisije nikamrushia hii pasi. Akatoa simu yake, akaandika: jeni za damu. Simu, kwa ujuaji wake, ikasahihisha: jini wa damu. Hapo ndipo jaa lilipofunguka. Mganga anayetoa majini kwa njia ya simu. Kopo la minyoo, eti ni damu mbaya aliyoitapika mgonjwa. Profesa asiye na chuo, anauza unga wa kusafisha ukoo. Mwingine alikuwa ameweka neno la Mungu juu na bei chini. Dobi akasikia mate yakimjaa mdomoni. Hata jina la Mungu wanalisugulia kwenye tope lile!

Akakumbuka maneno ya mwalimu wa jioni: "Kabla ya kuamini, uliza nani kaandika, lini, na mwishoni anakuuzia nini. Kisha mtafute mwingine asiyemjua huyo, uone kama wanakubaliana." Dobi alilielewa hilo kwa njia yake. Shati mbele hupendeza, ligeuze kwapani.

Akaandika upya: urithi wa makundi ya damu. Akaanza kugeuza makwapa. Ukurasa huu hauna mwandishi, tupa. Huu unauza mafuta, tupa. Mwishowe akapata somo la chuo cha utabibu, lenye majina ya walioliandika na mwaka, na ukurasa mwingine wa benki ya damu ya mbali kabisa. Vyote viwili vilisema jambo lilelile.

"Sikiliza," alisema. "Kila mtu ana jeni mbili za kundi la damu, moja ya mama, moja ya baba. Wewe ni A, lakini unaweza kuwa na O imejificha nyuma yake. Mkeo ni B, naye vivyo hivyo. Mtoto akirithi O yako na O ya mama yake, anakuwa O. Hapo jirani kaingilia wapi?"

Mdogo wake aliichukua simu, akasoma huku midomo ikicheza. Akarudia. Akajikuna kisogo. Dobi akamshukuru Mungu, ila alishukuru mapema mno.

"Kumbe," mdogo wake alisema, akamgeukia mkewe kwa sauti ya mkarimu. "Haya, mama mtoto, fungua begi. Nimekusamehe."

Dobi akampokonya simu yake.

"Umemsamehe nini?"

"Si yameisha? Mbona unayakuza?"

Wifi alimtoa mtoto ziwani, akamfuta mdomo, akasimama.

"Wifi, nishikie upande mmoja wa begi. Asubuhi nilikuwa nafukuzwa. Sasa naenda mwenyewe."

Dobi alichomoa pasi ukutani, akashika begi.

"Dada! Kwani wewe uko upande wa nani?"

"Wa majini," alijibu bila kugeuka.

Alipofika nje alitema mate chini, kisha akamwomba Mungu radhi. Kwa yale mate tu.